Mgeni aje na kazi yake mkononi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama shule za sekondari zinafaidi chochote kwa kualika wageni wazungumze na wanafunzi. Nafundisha bayolojia katika shule ya kutwa nje kidogo ya Kisumu, na jibu langu ni ndiyo, mradi mgeni awe na kazi ya kuonyesha.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ikikaribia, shule nyingi hutafuta msemaji wa kuwatia watahiniwa moyo. Mmoja nilimsikiliza saa mbili nzima. Aliwasimamisha watoto wapaze sauti kwamba watapata A, wakapiga makofi hadi mabati yakatetemeka. Jumatatu nilipowauliza walichojifunza, walikumbuka gari lake. Waliomlipa ni wazazi, na baadhi yao karo yenyewe inawashinda. Jambo hili linaniuma.

Muhula uliopita nilimwita mzee mstaafu aliyekuwa akikamata mbu kwa ajili ya watafiti wa malaria. Hakuwa na hotuba. Alitoa mrija wa kioo uliounganishwa na mpira, akautia mpira mdomoni, akaonyesha mbu anavyovutwa taratibu asivunjike miguu. Kati ya mrija na mpira pana kijiwavu, mvutaji asije akammeza. Akasema Anopheles, mbu anayeeneza malaria, akitua ukutani huinua tumbo juu, ilhali mbu wengine hulaza mwili sambamba na ukuta. Hawa ni watoto waliolala na suna, ndivyo Wajaluo tunavyomwita mbu, tangu wazaliwe, lakini hakuna aliyewahi kumtazama anavyotua.

Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani kwangu hajawahi kuinua mkono, akauliza: "Babu, utajuaje mbu huyu amemnyonya mtu au ng'ombe?"

"Mjukuu wangu, hilo ndilo swali tulilolifanyia kazi miaka yote," mzee akasema, akawaeleza jinsi damu iliyo tumboni mwa mbu inavyopimwa maabara. Pia aliwaambia kwamba chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Homa Bay mwaka 2019 ilifanyiwa majaribio yake makubwa Kombewa na Siaya, miongoni mwa vituo kadhaa vya Afrika, kuanzia 2009. Kombewa! Wengine wao wanapita hapo kwa matatu kila wikendi.

Nina hakika yule msichana aliuliza kwa sababu mzee alizungumza Kiswahili na Kijaluo, wala hakumsahihisha mtu lugha. Walimu wakuu, naomba tulifikirie hili. Mgeni apewe dakika ishirini, muda uliobaki uwe wa maswali ambayo wanafunzi wameyaandika siku moja kabla. Mzee wetu aliridhika na nauli na sahani ya samaki kwa ugali.

Wiki iliyofuata msichana yule aliniletea daftari. Alikuwa amehesabu mbu waliotua kwenye ukuta wa zizi lao jioni nne mfululizo, na pembeni mwa kila hesabu akachora walivyotua.

Muhula ujao nimemwomba fundi wa mashua wa Dunga. Ameahidi kuja na mbao zake.