Maswali ya Wasomaji: Mbolea ya Ruzuku

Swali: Chifu alinisajili tangu mwaka jana. Majirani wameshapata ujumbe wa simu wa kuchukulia mbolea, mimi bado. Nifanyeje? (Msomaji, Trans Nzoia)

Jibu: Mara nyingi kosa huwa kwenye rekodi, si kwenye ghala la mbolea. Mfumo wa KIAMIS, yaani daftari la kidijitali la serikali ya Kenya la kusajili wakulima, unategemea namba ya kitambulisho, namba ya simu na ukubwa wa shamba. Tarakimu moja ikipinduka, ujumbe unakwenda kwa mtu mwingine au hauendi kabisa. Nenda kwa chifu au naibu wake, kitambulisho na simu mkononi, uombe usomewe kilichoandikwa tarakimu kwa tarakimu. Ukiambiwa tu "jina lako lipo", usiondoke. Angalia hata nukta: ekari 3 zikiandikwa 0.3, mgao wako unakuwa wa kibustani. Kama ulibadilisha laini baada ya kusajiliwa, hapo ndipo pa kuanzia.

Usajili ni bure, na anayekudai hela "akuingize" anakuibia. Fanya haya kabla ya mvua za masika, kwa sababu mwezi Machi kila mtu huwa foleni. Na tafadhali usinunue ujumbe wa jirani, maana ghalani kitambulisho kinapaswa kulingana na rekodi.

Swali: Ghala la Bodi ya Nafaka liko mbali na kwangu. Safari inalipa kweli? (Msomaji, Pokot Magharibi)

Jibu: Piga hesabu ya mfuko ukiwa umefika shambani. Bei ya ruzuku ilishuka mwaka 2023 kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Jumlisha nauli yako ya kwenda na kurudi, mzigo na boda ya mwisho, ugawanye kwa idadi ya mifuko, uongeze bei ya mfuko, kisha ulinganishe na bei ya duka la karibu. Kwa mfuko mmoja faida yaweza kuishia njiani. Watu watano wakichangia pikapu, kila mmoja na kitambulisho chake, hesabu inageuka. Kabla ya kupanda gari, uliza kama aina unayotaka ipo siku hiyo, kwa kuwa ujumbe kwenye simu haujazi ghala.

Usibebe aina yoyote kwa sababu tu ndiyo iliyopo. Mfuko wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, nao ni wa kupandia. CAN ni ya kukuzia, mahindi yakifika magotini. Udongo ulio na asidi nyingi ukipewa DAP kila msimu huzidi kuharibika, kwa hiyo upime kwanza. Huenda unachohitaji ni chokaa.

Swali: Niliyeyusha CAN ya ruzuku kwenye maji, masimbi yakabaki chini. Ni feki? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Hofu yako ina msingi, kwani mwaka 2024 mbolea duni iliwafikia wakulima kupitia mpango huuhuu. Lakini masimbi peke yake si ushahidi: CAN huchanganywa na unga wa mawe ya chokaa, ambao hauyeyuki. Mwaga maji, uyasugue masimbi kwa vidole. Chokaa hupaka kama chaki, na ukidondoshea siki hutoa povu. Yakikwaruza kama mchanga na siki isitoe povu, acha kuitumia, hifadhi mfuko na lebo yake pamoja na risiti, upeleke sampuli kwa afisa wa kilimo wa wadi. Mfuko ukishatupwa, huna pa kuanzia kudai.