Jibu: Zawadi gani kwa wamisionari wa Praha, na twende wapi?

Dada, zawadi isikuumize kichwa. Kwa kuwa umesema familia ya wamisionari mnayoitembelea iliishi Mwanza kabla ya kuhamia Praha, mji mkuu wa Ucheki, beba majani ya chai, kahawa na kitenge cha mama mwenye nyumba. Chokoleti wanazo tele. Mlangoni vua viatu. Wacheki hawaingii navyo ndani, utapewa ndara.

Kuhusu kutembea, waombe wakupeleke Betlémská kaple (Kanisa la Bethlehemu), alikohubiri Jan Hus, mhubiri Mcheki aliyetaka kanisa lirekebishwe, kuanzia 1402, zaidi ya karne moja kabla ya Martin Luther kuanzisha matengenezo ya kanisa Ujerumani. Alichomwa moto mjini Konstanz, Ujerumani, tarehe 6 Julai 1415. Kanisa lilijengwa upya miaka ya 1950, ila sehemu ya kuta za kale ingalipo. Kisha nendeni Staroměstské náměstí, uwanja wa mji wa kale. Sanamu ya Hus kila mtu anaipiga picha, lakini wewe tazama chini karibu na mnara wa saa: kuna misalaba 27 myeupe kwenye mawe, ya viongozi 27 wa uasi, wengi wao Waprotestanti, waliouawa hapo 1621 kwa kunyongwa au kukatwa vichwa. Watalii wanaikanyaga tu!

Jumapili kanisani usitegemee umati, Wacheki wengi hawana dini. Na tafadhali, usimuulize mwenyeji wako amebatiza wangapi.

Tiketi ya karatasi ya tramu uigonge muhuri kwenye mashine mara tu ukipanda, wakaguzi hawana simile.