Kile kisu cheusi sio cha nyanya

Mimi mtoto wa Tanga, na mnajua Tanga tunavyosemwa kwa mambo ya ungo, kwa hiyo nilipopanga chumba Leeds, Uingereza, nikakuta dada mmoja wa humo ndani ni mtu wa Wicca, ile dini ya kisasa ya uchawi, nikasema haya, nimewakimbia wa kwetu nimewafuata wa Ulaya. Mama alivyosikia akanitumia voice note fupi tu, "mwanangu hama humo". Sikuhama, kodi ilikuwa nafuu. Naandika manake kila mara kuna ndugu ananiuliza, kazini kuna mtu anavaa cheni ya nyota ya pembe tano, je abadilishe shifti?

Tulia kwanza, nikupe yangu. Jumapili moja naandaa kachumbari, kisu cha jikoni hakionekani, nikaona rafu ya sebuleni kuna kisu kizuri mpini mweusi, bapa lake la pande mbili, kimelazwa juu ya kitambaa pembeni ya kikombe cha shaba, nikakichukua. Nyanya ya kwanza ikapondeka yote. Kisu butu! Niko hapo nalaani visu vya Wazungu, mwenyewe akaingia na mifuko ya sokoni, akasimama mlangoni ananiangalia, hasemi kitu.

Kumbe ile ni athame, kisu cha ibada, hakitakiwi kukata chochote, wengi hata hawakinoi. Kazi yake ni kuelekeza nguvu: unakinyoosha, unazunguka nacho kufuata mshale wa saa, unachora duara, ibada inafanyika humo ndani, mkimaliza unalifungua kwa kuzunguka kinyume. Cha kukatia majani na nyuzi ni kingine, kawaida mpini mweupe. Halafu kuna pale athame inashushwa ndani ya kikombe cha divai, kisu ni mwanamume kikombe ni mwanamke, aliponieleza hiyo nikaona haya nikajifanya naangalia simu. Basi akachukua maji na chumvi akakisafisha, akakipitisha kwenye moshi wa ubani, yakaisha. Kwa hiyo usiguse kitu cha kwenye madhabahu ya mtu bila kuuliza, kwani wewe ungekuta mtu kaweka sufuria ya wali juu ya msahafu wako ungecheka?

Sasa hiyo nyota ya kwenye cheni, ni alama yao. Pembe nne ni ardhi, hewa, moto na maji, ya juu ni roho, na duara linaziunganisha zote. Mtu akivaa shingoni ni kama mwingine alivyovaa msalaba, hajakulenga wewe. Kwenye madhabahu inakuwa sahani, ndo inasimama badala ya ardhi, juu yake wanaweka chumvi au mkate. Na umbo lenyewe umeshaliona mara mia, bendera ya Morocco ina nyota hiyohiyo ya mistari inayopishana, hakuna anayeikimbia. Marekani tangu 2007 serikali inakubali ichongwe kwenye makaburi ya wanajeshi, baada ya familia kwenda mahakamani. Inayotisha watu ni ile iliyogeuzwa, pembe mbili juu, na kichwa cha mbuzi ndani, hiyo ni ya Kanisa la Shetani la Anton LaVey, lilianza San Francisco 1966, ni habari nyingine kabisa, watu wa Wicca shetani hata hawamwamini. Ila kuna vikundi vya Wicca nyota iliyogeuzwa kwao ni alama ya ngazi ya pili ya uanachama, kwa hiyo hata hapo usikurupuke, uliza.

Ile alama ya miezi mitatu, duara katikati na hilali huku na huku, ni mungu wao wa kike: mwezi mchanga msichana, mpevu mama, unaofifia bibi kizee. Ufagio wanafagilia nguvu mbaya kabla ya ibada, wengine hata haugusi sakafu, na maharusi wanauruka. Kuruka NA ufagio angani hayo ya katuni, wa kwetu angalau wana ungo una nafasi ya kukaa.

Kingine, ukiingia mtandaoni utauziwa mishumaa na vidani kwa bei ya kuku watatu, unaambiwa ni siri za miaka elfu. Usitoe hela yako. Wicca kama tunavyoijua ilitangazwa na Gerald Gardner, Mwingereza mmoja aliyekuwa afisa wa forodha katika nchi ya Malaya, Malaysia ya leo, sheria ya uchawi ya 1735 ilipofutwa Uingereza 1951 akaja na kitabu 1954. Alama nyingi ni za zamani, ndio, ila zimeokotwa huku na kule zikapangwa upya, na mwenzangu mwenyewe anakiri, kikombe chake kanunua duka la mitumba.

Tarehe 31 Oktoba ni Samhain, siku yao ya kukumbuka waliokufa. Mwaka jana ubani ulimwishia akanigongea, nikamkatia nusu ya pakiti niliyotumiwa kutoka Tanga, akaweka sahani ya chakula mezani kwa ajili ya bibi yake. Mimi nikarudi jikoni kukatakata vitunguu. Kisu chetu tumeshakifunga kitambaa chekundu kwenye mpini.