Usianze na marumaru, dada

Dada, umeuliza, katika kukarabati bafu lako, uanze kununua marumaru au sinki. Anza na mabomba na sakafu, tafadhali. Fundi akishabomoa, aweke mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, kisha apake dawa ya kuzuia maji sakafuni na ukutani pale pa kuogea. Ikikauka, zibeni tundu, mwageni maji yatuame, myaache saa 24 muone kama yanavuja. Kwangu tuliruka hatua hiyo. Baada ya miezi michache ukuta wa chumba cha pili ukaota malengelenge, tukabomoa marumaru mpya kabisa. Iliniuma sana. Marumaru za sakafuni chukua zisizoteleza, hasa kama mama anaoga humo. Na boksi moja la ziada, maana rangi hubadilika toleo hadi toleo.