Mwalimu, futa hiyo aya ya tatu kabla hujatuma

Futa sasa hivi, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umerudi kutoka shule iliyokupokea Marekani, ukauliza mambo matatu: barua ya shukrani uanze kumwandikia nani, zawadi gani inafaa, na kama picha za darasani unaweza kuzirusha mtandaoni. Mimi macho yameganda kwenye rasimu uliyobandika: "endapo mtakuwa na kompyuta zisizotumika, shule yetu itafurahi kuzipokea." Tumbo limenikata. Barua hiyo niliwahi kuiandika, na yangu ilikuwa mbaya zaidi.

Nilikwenda Marekani kama wewe, programu ya wiki 6, viza ya J-1, ile ya wageni wa programu za kubadilishana, gharama zote juu ya serikali yao. Mwenyeji wangu, mama mmoja mwalimu wa hisabati, alinipitia kila asubuhi giza likiwa bado nene, gari ameshalipasha moto. Siku ya kwanza nikakuta ameondoa vitu vyake kwenye droo ya juu ya meza yake na kubandika karatasi ya manjano yenye jina langu. Herufi zote sahihi. Jina ambalo karani wa shule yangu analikosea mpaka leo.

Nikarudi, nikakaa kuandika asante. Akatokea mwenzangu mmoja wa ofisini, bingwa wa kila kitu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya semina. "Udongo uwahi ungali maji," akaniambia. "Wakishakusahau umekwisha. Omba sasa." Nami nikamsikiliza! Mtu mzima na shahada yangu. Mwanafunzi akinakili jibu la jirani namna ile namtoa nje.

Aya mbili za mwanzo zilikuwa asante tupu, nzuri tu, ila ungeweza kuzituma kwa shule yoyote duniani. Aya ya tatu nikamwomba anitafutie kazi palepale shuleni kwake. Sasa ona akili: sisi tuliolipiwa na serikali kwa J-1 tunabanwa na sharti la kuishi kwetu miaka 2 kwanza, ndipo tupate viza ya kazi ya H au ukaazi wa kudumu. Sharti lenyewe limeandikwa kwenye viza yangu, na yeye alilijua vizuri. Kwa hiyo alichosoma yule mama ni kwamba mgeni aliyempa droo alikuwa anapigia hesabu mlango tangu siku ya kwanza.

Jibu lilikuja baada ya wiki 3, tena si kutoka kwake. Ofisi ya mkuu wa shule, mistari miwili: maombi ya kazi yapelekwe idara inayohusika. Basi. Wanafunzi wetu na wake walikuwa wameshaanza kuandikiana, nako kukafa. Wangu waliniuliza muhula mzima, "Mwalimu, wamejibu?" Nikawa naisingizia posta, maskini ya Mungu, haina kosa.

Barua ya shukrani haibebi ombi. Si dogo, si la kuzunguka, si la "endapo" wala "ikiwezekana". Hata "tunatumaini ushirikiano utaendelea" mimi naikata, maana msomaji anajua kinachofuata. Shida ya kompyuta unayo kweli, sikatai. Iandikie barua yake peke yake, miezi kadhaa mbele, mkuu wako wa shule aisaini, iende kwa wahusika wa misaada, siyo kwa mtu aliyekuendesha asubuhi kwenye baridi. Na hiyo ya asante iwe na kitu alichokufanyia yeye, kisichoweza kuhamishiwa kwa mwingine. Unajua mimi droo sikuitaja? Kurasa mbili, droo haimo.

Zawadi usijichoshe. Walimu wa shule za umma kule wana sheria zao. Massachusetts kwa mfano, mwalimu hatakiwi kupokea cha kuanzia dola 50 kinachotokana na kazi yake. Kadi iliyoandikwa kwa mkono na wanafunzi wako inatosha kabisa.

Picha watakujibu wengine, mimi simu yangu iliganda kwa baridi sawa na mwenye simu.

Ukishafuta, bandika rasimu upya niione. Na ile N.B. ya chini, "mdogo wangu naye ni mwalimu wa Kiingereza", usidhani sijaiona.