Mawaridi yenye madoa meusi: angalia maji kwanza, dawa baadae

Dada pole sana. Umesema upo Dar, majani ya mawaridi yanatoka madoa meusi, yanageuka njano yanapukutika mpaka inabaki miba tu, na dawa umeshapuliza mara tatu hola. Hayo yamenikuta mimi Kimara, nilitoka na miche sita Arusha ikiwa imenawiri kweli, masika ya kwanza tu ikaisha mitatu na iliniuma mno.

Huo ni ukungu, na ukungu huo unataka jani likae na maji masaa mengi, kama saba hivi, ndo uote. Sasa mimi nilikua namwagilia jioni nikitoka kazini, tena kwa mpira, naogesha mti mzima majani na maua, nikiamini naupoza na joto. Kumbe jani linalala limelowa usiku kucha. Siku hizi namwagilia asubuhi mapema, maji yanaenda shinani tu, jani siligusi. Mche uliopo ardhini naupa ndoo ya lita kumi mara mbili kwa wiki kiangazi, yashuke chini kabisa, sio kunyunyiza kidogo kidogo kila siku mizizi ikabaki juu juu. Wa kwenye chungu huo utaangalia udongo kwa kidole, ukikauka unaupa maji.

Mvua huwezi kuizuia najua, ila yale majani yaliyoanguka yaokote YOTE, usiyaache pale wala usiyatupie kwenye shimo la mboji, choma. Ukungu unakaa humo, tone la mvua likigonga chini linaurusha tena juu kwenye majani mapya, ndo mana unapuliza dawa na bado unarudi. Halafu tandaza nyasi kavu juu ya udongo ila zisiguse shina. Dawa ya ukungu yenye mankozebu inasaidia lakini ni kinga, jani lililokwisha kuwa na doa haliponi, kwahiyo puliza mvua zikikaribia, chini ya jani pia, na vaa glavu na barakoa.

Jengine, picha yako inaonyesha yamebanana ukutani kwenye kivuli. Waridi linataka jua masaa sita na zaidi, na la asubuhi ndo bora zaidi kwasababu linakausha umande. Achanisha hata hatua moja kati ya mche na mche hewa ipite. Na matawi ya katikati yanayosuguana toa, kata kwa mkasi mkali, mshazari, juu kidogo ya jicho (pale tawi jipya linapochipukia) linalotazama nje ili tawi jipya liende nje na katikati pabaki wazi. Usiogope kukata, ua likinyauka nalo toa, wiki sita hivi unaona mengine.

Kuhusu ule mche uliouliza kwamba ulikua mwekundu sasa unatoa vijiua vidogo vyeupe, haujabadilika rangi. Miche mingi ya vitaluni imebebeshwa, yaani waridi lako limeungwa juu ya mche mwingine, shina la chini ni waridi jingine la porini lenye nguvu. Fukua taratibu ulione lile fundo la pale yalipoungwa, chochote kinachochipua chini yake kinyofoe kabisa kutoka kilipoanzia, ukikikata juu vinarudi vingi. Wangu mmoja nilichelewa, chipukizi la chini likanyonya chakula chote na waridi lenyewe likafa, na lilikua la njano lenye harufu nzuri ambayo sijaipata tena mpaka leo.

Samadi weka iliyoiva tu, na kwa sasa usiweke chochote mche ukiwa hauna majani, subiri uchipue kwanza. Wadudu mafuta kwenye vichomozo piga tu maji kwa nguvu, wanadondoka, ila iwe asubuhi ili jua likaushe majani mapema.

Na usitegemee maua makubwa kama ya Lushoto au Arusha, joto la huku linafanya yafunguke haraka yakiwa madogo, hiyo sio ugonjwa. Juni mpaka Agosti kukipoa utayaona yanajaa vizuri. Anza na kuokota majani leo.