Kabla Hujanunua Kopo la Glukosamini

Mwenye maumivu ya goti haishiwi washauri. Langu la kulia lilipoanza kukwaruza nikipanda ngazi, kila niliyekutana naye alikuwa na kidonge cha kunitajia, hasa glukosamini iliyochanganywa na kondroitini, virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo. Niliinunua, nikaimeza, maumivu yakapungua. Lakini usikimbilie kumpelekea jirani habari hiyo.

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani liitwalo GAIT. Watu 1,583 ambao gegedu za magoti yao, yaani tishu laini zinazokinga ncha za mifupa, zimesagika waligawanywa makundi matano: wa glukosamini, miligramu 1,500 kwa siku, wa kondroitini, miligramu 1,200, wa zote mbili, wa selekoksibu, ambayo ni dawa ya maumivu, na waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa, bila kujua. Baada ya wiki 24, waliopata nafuu kwa mchanganyiko walikuwa kama asilimia 67. Na wale wa vidonge vitupu? Asilimia 60! Kitakwimu, pengo hilo halikutosha kuthibitisha kwamba mchanganyiko unafanya kazi. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe, nasi hukimbilia vidonge siku yamezidi. Yakishuka, sifa zote zinakwenda kwa kopo.

Wauzaji hupenda kutaja sehemu moja tu ya utafiti huo: kwa waliokuwa na maumivu ya wastani hadi makali, waliopata nafuu kwa mchanganyiko walifikia asilimia 79, dhidi ya 54 wa vidonge vitupu. Ni kweli. Ila watu hao walikuwa wachache, na watafiti wenyewe hawakulichukua jambo hilo kuwa limethibitishwa.

Ukitaka kujaribu, sikukatazi. Soma lebo kwanza, kwa kuwa glukosamini nyingi hutokana na magamba ya kamba na kaa, na wapo wenye mzio wa viumbe hao. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse kabla ya kuongea na daktari, kwani inaweza kumwongezea hatari ya kutokwa damu. Jipe miezi michache. Usipoona kitu, acha.

Mimi nimebaki na mazoezi ya mapaja. Nakaa kitini, nanyoosha mguu mmoja mpaka goti linyooke kabisa, nahesabu hadi tano huku paja limekaza, kisha naushusha polepole. Mwongozo wa mwaka 2019 wa madaktari bingwa wa viungo wa Marekani unasisitiza mazoezi, na kuhusu glukosamini kwa goti unasema wazi isitumike. Goti likivimba na kuwa la moto, mazoezi yasubiri, mwone daktari.